Mudogo Wangu Mwenye Kontra

Salamabila, Alhamisi muchana

Kwako Yaya Zaina,

Salamu zangu zikukute hapo Kasongo umekaa vizuri, na miguu yako imetulia. Uvimbe ulipungua? Shemeji ameanza tena kwenda dukani, ao kikohozi bado kinamulaza? Na wajukuu wako, wale wa Amisi, wanasoma? Mimi mwili iko muzima, tunamushukuru Mungu. Moyo ndio hauko sawa. Ningekupigia simu, lakini jana jioni nilipojaribu nilianza kulia hata kabla ya kusema alo, kisha rezo ya simu ikakatika. Basi nimeona niandike, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, anayeshuka kwenu akuletee.

Nilikusimulia habari za Feza, yule tunayepika naye hapa restora. Ni mwanamuke wa Lusangi, kwao ni watu wa kanisa na wa mashamba. Tangu bwana wangu aende kufuata zahabu ya mahali pengine na kunyamaza huko huko, Feza ndiye mutu niliye naye. Miaka mitatu analala chumba cha nyuma, tunakula sahani moja, ananiita Yaya kama mimi ninavyokuita wewe. Sasa ninampoteza, na sijui nitakaa namna gani bila yeye.

Ilianza na mukaguzi wa kazi. Tulisikia anazunguka, lakini sisi tulijua sheria ya kazi ni mambo ya kampuni za mugodi, watu wa kofia ngumu. Kumbe sasa wanaingia hata kwetu sisi wa masufuria. Alifika saa ya kula, mutu mupole, akaagiza bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala akamaliza, ndipo akatoa kalamu.

"Mama, huyu mufanyakazi wako iko na kontra ya kazi?"

"Mufanyakazi gani? Huyu ni mudogo wangu."

"Wa tumbo moja?"

Yaya, niliapa. Nilisema tumbo moja. Unajua sisi tulivyo: mutu akishakula na wewe miaka, kumuita mufanyakazi ni kumutukana, na kumuandikisha karatasi ni kama kumwambia unamuona mwizi. Mukaguzi akamugeukia Feza, akauliza, "Mama yenu anaitwa nani?"

Mimi nikawahi kujibu, "Sakina, Mungu amurehemu."

Feza alikuwa anapangusa mikono kwenye kitenge. Akasema polepole, "Mama yangu anaitwa Yoana. Iko muzima, analima karanga Lusangi. Mimi ninafanya kazi kwa huyu mama."

Meza zote zilicheka. Mimi haya ilinishika mupaka kwenye masikio. Siyo kicheko kilichoniuma, ni hiyo "huyu mama".

Mukaguzi hakuniandikia kosa. Alikaa akanieleza kama mwalimu. Mutu akikufanyia kazi bila karatasi, sheria inahesabu kwamba kazi yake haina tarehe ya mwisho, na akikushitaki analeta ushahidi wake, wewe huna la kuonyesha. Huwezi kuamka na hasira ukamwambia aende; unamupa preavi, yaani barua ya kumujulisha mbele, na sababu iwe ndani. Akigonjwa, dawa iko juu yako. Kila juma apumzike siku moja, na kila mwaka apate konje, siku za kwenda kwao kupumzika, huku mushahara unatembea. Nikamuuliza, na mimi karatasi hiyo inanifaa nini? Akasema hata Feza akitaka kuondoka, naye atakupa preavi, hatakuacha na moto jikoni.

Wateja walipotoka nilimufokea Feza. Nilimwambia, umeniaibisha mbele ya watu, nimekunyima nini? Aliosha sufuria mupaka ikang'aa, kisha akasema, "Yaya, mvua ile nilipokuwa na malaria, nilipika nikitetemeka. Mufanyakazi anaomba konje. Mudogo anaomba namna gani?"

Siku hiyo ninaikumbuka, nilimwambia ajikaze, wateja ni wengi. Na miaka yote hiyo hakwenda kumuona mama yake hata mara moja, kwa sababu kila alipotaja Lusangi mimi nilisema tungoje kidogo. Sikuwa na roho mbaya. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii, basi.

Tukaandika kontra. Jirani yetu mwalimu alitusomea mustari kwa mustari, maana iko kwa Kifaransa. Pale nilipotia sahihi juu yake kuna neno, mwalimu akasema maana yake ni mwajiri. Nililiangalia sana lile neno. Feza yeye alitia sahihi bila kusita, akakunja nakala yake akaiweka ndani ya Biblia.

Siku ya kupumzika akachagua Jumapili. Ndiyo siku ya wateja wengi, lakini nilikubali. Kisha nikamupa konje, ya kwanza. Nilimufungia chumvi, sabuni na kitenge cha mama yake, nikamusindikiza mupaka kwenye moto. Nilijivuna, nikajiona nimekuwa mwajiri wa kweli.

Tangu hapo ninapika mwenyewe. Kila siku ninasonga bugali ya watu wawili, mukono haujui kipimo kingine. Wateja wanauliza Feza iko wapi, ninasema konje, wanacheka, eti siku hizi hata mupishi wa restora anakwenda konje kama mukubwa wa biro ya serikali. Wakishatoka nyumba inanyamaza. Ninaongea na redio, ninawasemesha hata kuku wa jirani wakiingia. Upweke unachosha, Yaya, kuliko kupasua kuni.

Jana wakaniletea bahasha kutoka Lusangi. Ni mwandiko wa Feza, na ameanza hivi: "Kwa mwajiri wangu." Anasema amekuta mama yake amepungua sana, macho hayatofautishi tena karanga na majani, na yeye hakujua chochote kwa sababu hakuwa amefika. Atabaki kulima naye. Kwa hiyo ananipa preavi kama kontra inavyotaka. Jumatatu atarudi kufanya siku zake zote, kisha ndipo aende. Chini ameshukuru, akaweka sahihi. Hakuna kosa ndani, mukaguzi mwenyewe angeisifu. Mimi niliililia mupaka wino ukachafuka.

Kama ningalimupa konje kila mwaka, angemuona mama yake akizeeka kidogo kidogo. Wangepanga, wangetafuta mutu wa kusaidia shamba, pengine angekuwa anakwenda na kurudi. Hilo ninalijua, na siko na mwingine wa kulaumu.

Usiniandikie nirudi Kasongo. Ninajua chumba kiko na ninajua hungenisumbua, lakini restora hii ndiyo kitu pekee nilichokisimamisha kwa mikono yangu.

Unisalimie shemeji. Umusalimie Amisi, mutoto wetu wa kwanza, na muke wake, na shangazi Mwamini aliyebaki peke yake upande wa baba; dawa yake ya mugongo nitaituma. Hata mama mukwe wako umupe salamu, ingawa anajua hatupatani.

Jumatatu Feza akifika nitamupokea vizuri, na sitamubembeleza abaki. Atafanya siku zake, nitamupa kila kitu kilichoandikwa, siku ya mwisho nitamusindikiza tena kwenye moto. Baada ya hapo hakuna karatasi inayomuita kwangu. Kama mwezi mumoja ao mwaka mumoja atapita hapa, akasimama mulangoni bila kazi yoyote, kuniangalia tu kama ninaishi, nitajua nilikuwa na mudogo. Na kama hatapita, nitajua pia.

Mudogo wako,
Mwayuma