Siku Mama Hakufungua Begi Langu

Jumanne jioni, Nyasubi. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, uwanja mzima ni tope na mabati bado yanadondosha maji. Moyo wangu ni mwepesi, hata naogopa kuugusa.

Jambo hili sijawahi kuliandika hapa bloguni. Watu saba wanaonisoma wananijua kama msichana wa kidato cha tatu anayependa vitabu. Ni kweli, napenda vitabu.

Mwezi wa nane niliiba kimoja.

Duka ni la Bi Zuhura, karibu na soko. Anauza madaftari na kalamu, na ana rafu moja ya hadithi. Alikuwa ananiachia nisome nimesimama, kurasa chache kila nikitoka shule. Siku hiyo zilikuwa zimebaki ishirini na moja, na mteja mmoja alikuwa amekiulizia kile kitabu, akasema atakirudia kesho. Nikakiingiza ndani ya sweta.

Ningefika nacho nyumbani. Lakini nimelelewa Kisukuma, siwezi kumuaga mtu mzima nikiwa nimesimama. Nikapiga magoti nimuage Bi Zuhura, na kitabu kikaanguka miguuni pake.

"Haya," akasema. "Magoti yana adabu, mikono haina."

Sasa naweza kucheka. Siku ile nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Kesho yake Baba alinirudisha dukani kuomba radhi. Alisimama nje kidogo, akaniacha niseme mwenyewe. Mama hakunichapa. Alifanya kitu nilichoona kibaya kuliko fimbo: alianza kunikagua. Kila jioni nasema shikamoo, anaitika marahaba, kisha namkabidhi begi. Anamwaga kila kitu kwenye mkeka, anafungua daftari moja moja, halafu anapapasa mifuko ya sketi.

Ajabu ni kwamba kukaguliwa kulinikumbusha furaha.

Zamani, tulipokuwa tunaishi Maganzo, Baba alikuwa anachimba almasi kwenye shimo la mtu. Kila jioni kabla ya kuondoka, wachimbaji walikaguliwa viganja, mifuko, hadi chini ya ulimi, maana almasi ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa na miaka mitano, na kwangu huo ulikuwa mchezo. Baba akifika alisimama mlangoni, akainua mikono juu: "Mkaguzi, kazi kwako." Nilimpapasa kuanzia miguuni. Nilijua kabisa karanga zimo ndani ya kofia, zimefungwa kwenye karatasi, lakini kofia niliiacha mwisho. Nguo zake zilinuka udongo wenye maji. Nilidhani baba wote duniani huingia nyumbani hivyo.

Nimeikumbuka sana nyumba ile wiki hizi.

Jioni moja, kama wiki ya tatu ya kukaguliwa, Baba alirudi kutoka kwenye mashine ya kusaga anakofanya kazi sasa, nyusi nyeupe kwa unga. Akanikuta nimesimama mbele ya Mama. Akaja akasimama nyuma yangu, mikono juu.

"Mama Kabula, ukimaliza na huyo, mimi ndiye nafuata."

"Baba Kabula, usinitanie. Mtoto ameiba."

"Najua ameiba. Mimi sikuiba, na nilipanuliwa mdomo kila jioni miaka sita. Unajua nilikuwa nawaza nini nikiwa kwenye foleni? Nikiipata moja, nitaificha wapi."

Mama akalifunga daftari langu la Baiolojia.

"Kwa hiyo nifanye nini? Nijifanye sikuona?"

"Umeshaona. Na yeye anajua umeona."

"Nipe muda," Mama akasema. "Roho yangu haijatulia."

Aliendelea kufungua begi, ila mifuko hakuipapasa tena.

Nakiri, Baba alisema kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza pa kuficha vitu ambavyo hata sina.

Leo sasa. Bi Zuhura aliniita nikipita. Kumbe yule mteja hakurudi.

"Chukua, kamalize, kesho ukirudishe. Nimechoka kukuona unapita ng'ambo ya barabara kana kwamba duka langu lina surua."

Nikakiweka begini. Kitabu kilekile, msichana yuleyule. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama, na kila niliyoyapata yalisikika kama ya mwizi.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikaamkia, nikaweka begi mbele yake kama kawaida. Hakulitazama.

"Lisogeze hapo, mayu, utanimwagia mchele."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nikiwa mdogo. Tangu mwezi wa nane nilikuwa Kabula tu.

Ningeweza kuondoka na begi langu.

Nikalifungua mwenyewe, nikatoa kitabu, nikakiweka kando ya ungo. Nikasema Bi Zuhura ameniazima. Sauti ilitoka ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. Simu ya Mama ilikuwa palepale kwenye mkeka, na namba ya Bi Zuhura anayo. Mimi niliitazama simu. Mama alikitazama kitabu.

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Basi soma kwa sauti. Na mimi nijue kilikuwa na nini hicho."

Nilisoma mpaka wali ukaiva. Simu haikuguswa.

Naandika haya nikimsubiri Baba. Akifika mlangoni nitamwambia ainue mikono. Sijui kama siku hizi bado huweka kitu ndani ya kofia, wala sijali sana. Nitaanzia miguuni, na kofia nitaiacha mwisho.