Kona ya Mfereji na Uzi wa Mwanga

Baba,

Shikamoo. Habari za huko kwa Bwana? Najua huko hakuna kuumwa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza hali kwanza. Sisi hapa Kikwe hatujambo. Migomba imebeba, na mimi nimepona.

Nilikuwa sijakwambia. Jiwe lilinikaa kwenye figo, upande uleule kama wako. Niliogopa, Baba. Nilikumbuka walivyokupasua ubavuni, ukarudi nyumbani ukawa unaliangalia jembe tu. Nikasema bora nife na jiwe langu. Mdogo wangu Zakaria akanipeleka hospitali mjini hivyo hivyo, nimemnunia njia nzima.

Daktari akasema, "Mama, siku hizi hatupasui." Wanapitia njia ya mkojo na uzi wa kioo, mwembamba, unaopinda. Ndani yake unapita mwanga mkali wa leza, unalipiga jiwe kidogo kidogo mpaka linakuwa mchanga. Sikuamini. Mwanga upinde kona?

Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikalala, mimi macho wazi, nasali. Nesi akawa anaushika ule uzi, daktari akamwambia, "Usiukunje hapo, mwanga utatoka nje uunguze."

Baba, nilicheka palepale! Nilikusikia wewe kwenye mfereji, siku ile nimechimba kona kali, maji yamebomoa ukingo, yamejaa kwa jirani, nawe unafoka: "Maji yana mbio, wewe unayakunja kama shuka! Zungusha taratibu!" Daktari akashtuka, "Mama, kulikoni?" Nikamwambia, "Namkumbuka baba. Endelea tu, nimeelewa." Hofu ikaniisha. Nikaliangalia jiwe kwenye televisheni yao, ta-ta-ta, linameguka kama udongo mkavu.

Jumapili nilipeleka mkungu wa ndizi wa shukrani kanisani. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada Zakaria akaununua, akaurudisha kwangu, eti nimpikie! Tumekula, tumekutaja.

Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru. Natamani uzi huu ungekuwahi na wewe... basi, niishie hapo.

Jumamosi ni zamu yetu ya maji ya mfereji. Jembe lako nimelitia mpini mpya, na mikono yangu ina nguvu. Nakuahidi ile kona nitaizungusha taratibu, kama ulivyotaka.

Pumzika salama, Baba. Nami naomba unijibu mapema, hata kwa ndoto.

Binti yako,
Anaeli