Mapipa Uliyotugawia, Kaka

Kaka Pastory,

Shikamoo yako naiweka kando leo. Bahasha sikuigundi. Wa posta akitaka asome, na wewe ukimaliza msomee mkeo.

Barua yako niliipata Jumatatu, imepigwa chapa vizuri, ina nembo ya kiwanda chako kipya cha vilainishi huko Dar. Unasema wamekupa cheo cha kusimamia usafi wa mazingira. Nilicheka mpaka shangazi akaja kuniuliza nimepata nini. Wewe, Pastory, mazingira. Halafu huko chini kabisa, baada ya salamu za watoto, unauliza kama bado ninalo "lile daftari lako la mambo ya mafuta", maana mabosi wanataka mpango wa kupunguza uchafu wa kiwanda, na wewe huna cha kuwapelekea.

Lipo. Tutafika huko.

Nianze na wakati ulipokuwa mtu. Unakumbuka ulivyonifundisha kunawa mikono? Mafuta ya taa kidogo, kijiko cha sukari, unasugua mpaka kwenye kucha, ndipo unachukua sabuni. Mama alilalamika sukari inaisha, wewe ukacheka. Siku moja ulinifunga kitambaa machoni ukanipitishia puani vichupa vya mafuta ya kiwandani kwako, kimoja kimoja. Ya haidroliki karibu hayanuki. Ya injini yana harufu ya moto uliozimwa. Ya giaboksi ndiyo yaliyonifanya nirudi nyuma kwenye kigoda: yai viza na kitunguu, humo humo. "Ukiisahau hiyo," ulisema, "umesahau kazi." Sikuisahau. Laiti ningeisahau.

Ulinipeleka kiwandani Nyakato kwa mkono wako, ukaniombea nafasi kwenye chumba cha sampuli, nikawa mwoshaji wa chupa, baadaye mpimaji. Nilijivuna nawe mno. Kiwanda kilikuwa bado cha shirika la umma. Kisha ukaja wakati wa ruksa, mashirika yakauzwa, akaja mwekezaji, nusu ya watu wakapunguzwa kazini, na wewe ukapandishwa kuwa fomeni. Nyumbani tulichinja kuku.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, nimweleze asiyekijua kiwanda. Mafuta yanakuja kwa mabehewa, yanachanganywa na dawa zake kwenye matangi, mengine yanakuwa ya injini, mengine ya haidroliki, mengine ya giaboksi. Kila ukibadili aina lazima usuuze mabomba kwa mafuta safi, la sivyo aina moja inaiharibu nyingine. Yale ya kusuuzia yanatoka yamechanganyika, hayauziki. Uchafu mwingi wa kiwanda unaanzia hapo.

Enzi za shirika yalikuwa yanawekwa kwenye mapipa matupu kando ya ukuta. Mapipa yaliyozidi ndiyo yaliyogawiwa wafanyakazi mwisho wa mwaka, na nani asiyejua pipa ni nini kwetu? La kuwekea maji, la kukata katikati ukakaushia samaki kwa moshi, la harusi. Ulipopata ufomeni ukaanza kugawa mwenyewe, wakati wowote, kwa yeyote. Mwenyekiti wa mtaa pipa. Mwalimu wa kwaya pipa. Kirumba nzima ikawa inakuita Baba Mapipa, na ulikuwa unaitika. Mama ulimletea mawili, ukayasugua mwenyewe kwa mchanga na majivu, na kila mgeni aliyeingia uani alionyeshwa.

Mimi nilikuwa naona ukuta. Mapipa ya kusuuzia yalipungua mpaka ukuta ukabaki mtupu, na mabomba bado yalikuwa yanasuuzwa kila siku. Nikajiuliza mafuta yanaenda wapi, na kwa ujinga wangu nikadhani hujui. Ndipo nikaandika lile daftari, kwa ajili yako. Niliandika tupange wiki: tuanze na mafuta mepesi, tumalize na ya giaboksi, tusuuze vizuri mara moja badala ya kurukaruka kila oda inapoingia. Niliandika kila mafuta ya kusuuzia yapate pipa lake lenye jina kwa chaki, yarudishwe kidogo kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata wa aina hiyo hiyo, na nilikuwa nimepima kwenye vichupa vyangu ni kiasi gani kinarudi bila kuharibu. Niliandika kuhusu lile shimo la vyumba vitatu karibu na geti, ambalo mafuta yanaelea juu na maji yanapita chini: lichotwe kabla ya mvua, siyo wakaguzi wakitangazwa. Yakimwagika sakafuni tumwage maranda ya mbao tuzoe, tuache ule mpira wa maji unaosukuma kila kitu mtaroni. Niliandika hata habari ya kwenda kuchukua mafuta machafu kwenye magereji, kwa sababu nilikuwa msichana mwenye matumaini.

Ulilifungua hapo hapo uani, ukasoma kurasa mbili, ukanirudishia. "Mapipa yote yakikaa hapa," ukasema, "watu nitawapa nini?"

Nilidhani unatania, Pastory.

Sasa nikukumbushe mezani, maana wewe unapenda kusahau vyenye ladha mbaya. Ugali wa muhogo, dagaa wa mama wa mchuzi wa nyanya. Nilitia tonge la kwanza mdomoni na kitambaa kile kikanirudi machoni. Yai viza na kitunguu. Nilikutazama. Ulitafuna polepole, ukameza, ukachukua tonge jingine. Wewe uliyenifundisha ile harufu. Mama alikuwa amerudishiwa magunia mawili pale sokoni Mwaloni wiki ile, mnunuzi kamwambia dagaa wake wananuka, na akatuuliza sisi watoto wake tunaofanya kazi za watu waliosoma: "Hawa dagaa wana nini?"

Ungeweza kunyamaza. Kunyamaza tu ningekusamehe, nami nilinyamaza. Lakini wewe ulifuta mdomo ukasema, "Mama, labda kuna mtu ana kijicho na wewe. Mbona wa Mama Bwire hawanuki?"

Wa Mama Bwire, rafiki yake wa kuanika, hawakunuka kwa sababu alikuwa anaanika juu ya miamba. Mama alianika mchangani, pale kijito kinapoingia ziwani, akawasuuza dagaa kwenye maji yale yale. Nilienda kesho yake nikaona rangi zinazunguka juu ya maji, nikafuata kijito kwa miguu, nikapita mashamba ya mchicha, nikapita wanaofua, mpaka nikafika nyuma ya ukuta wa kiwanda chetu wenyewe. Bomba la mafuta ya kusuuzia lilikuwa linatiririka. Nilikuja kukwambia nikiwa na matope mpaka magotini. "Ukifungua mdomo, wote wawili tuko nje," ulisema. "Mama atakula nini?" Na mimi, kwa aibu yangu, nikarudi kwenye vichupa vyangu.

Wiki mbili nilinyamaza. Katika wiki mbili hizo ndipo mama alipompoteza Mama Bwire.

Unajua walivyoishi wale wawili. Walianza kuanika pamoja kabla hatujazaliwa, na walikuwa na turubai moja na agano moja: atakayeona wingu kwanza anawafunika dagaa wa wote, awe amemwona mwenzake au hajamwona, wawe wanasemeshana au wamenuniana. Siku ile wingu lilitoka upande wa Ukerewe. Mama alikuwa kisimani. Mama Bwire aliliona, akashuka kutoka kwenye miamba yake mbio, mama mtu mzima yule, akaanza kufunika dagaa wa mama kabla ya wake. Mama alipotokea akamkuta ameinama juu ya dagaa wake, peke yake, mikono imo ndani.

Kama si maneno yako ya mezani angesema asante. Alichosema kila mtu ufukweni alikisikia. Alimwita mwanga, mchawi. Alimwuliza anapaka nini. Mama Bwire alisimama na pembe ya turubai mkononi, akasema tu, "Mvua inakuja, Mama Pastory." Na mvua ikaja. Dagaa wake yeye, kule juu, wakalowa wote.

Ulikuwepo. Ulikuwa umetoka zamu, ovaroli lako limelowa mafuta yale yale, umesimama hatua kumi kutoka pale. Ulimshika mama bega ukampeleka nyumbani.

Nilipopata ujasiri nikamwambia mama kila kitu, bomba, ukuta, mapipa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Pastory huyu huyu aliyeniletea pipa?" Akachota maji humo humo akaendelea kuosha vyombo. Nilitamani kulipiga teke. Pipa lile lilitakiwa kuwa kando ya ukuta wa kiwanda, limejaa, lina jina kwa chaki. Kila tone lililoharibu mchanga wa mama lilikuwa na nafasi yake, na nafasi hiyo tulikuwa tunainywea maji.

Yeye na Mama Bwire hawakupatana tena. Mama aliugua miezi ile ya masika, akafa, na wewe, uliyekuwa umeshahamia Dar, ukaja kwa treni umevaa miwani ya jua. Na hapa, kaka, ndipo nilipoacha kukupenda, nikwambie siku na mahali. Ni Kigongo, tukisubiri kivuko kwenda kumzika kwao, ng'ambo. Mama Bwire alikuwa amekuja mwenyewe, amebeba kikapu cha mihogo ya matanga, khanga yake safi. Akashika ubao wa lori la msiba apande. Wanawake wakatanua magoti kuziba nafasi. Hakuna aliyemtukana, walikaa tu. Alikutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa msiba na neno lako moja lingetosha. Ulivua miwani, ukaipangusa, ukatazama maji. Nilishuka mimi nikasimama naye mpaka lori likapanda kivuko, ndiyo maana sikuwepo mama alipoteremshwa kaburini. Uliwaambia watu nilizidiwa na kilio.

Sasa usikie habari za hapa, kwa kuwa huulizi. Mama Bwire amezeeka. Anaanika mwisho kabisa wa miamba, na hakuna mwanamke anayetandaza karibu naye. Wakipita wanafunika ndoo zao. Wanunuzi wamesikia, hawapandi kule. Siku nyingine nanunua dagaa wake mwenyewe na kuwala, na ni dagaa wazuri kuliko wote ufukweni hapa. Nimewaambia wale wanawake ukweli, mara nyingi, mpaka sauti imekauka. Wananijibu kwa upole unaoudhi: "Acha kumsingizia kaka yako. Mbona alitugawia mapipa?" Na kweli, kila ua ninaoingia kusema, pipa lako limesimama mlangoni.

Mama Bwire nilimwambia pia. Hakulia wala hakukulaani, ningependa ungelaaniwa kidogo. Alisema, "Mimi najijua. Wewe nakuamini. Lakini wanayemsikiliza ni yule."

Basi. Daftari unalitaka. Najua utaisoma barua hii na kalamu mkononi, utachukua mpango wa wiki, utachukua maranda na shimo, utawapelekea mabosi kama yametoka kichwani mwako. Chukua. Sikuyaandika ili yaoze, na watu wa huko nao wana maji yao. Ndiyo maana daftari sikulichoma, ingawa kiberiti nilikishika. Lakini moyo wa daftari ni yale majedwali ya vichupa vyangu: mafuta gani ya kusuuzia yanarudi kwenye mchanganyiko upi, na kwa kiasi gani. Bila hayo utaharibu matangi yao, na utarudi kwenye dawa yako ya zamani, kufungua bomba. Nakujua.

Nasikia hasira yangu inavyosomeka. Isomeke hivyo hivyo. Ninakumbuka pia sukari kiganjani na kucheka kwako, na ningekuwa sikumbuki ningekuwa nimekuandikia mistari miwili. Natamani ningekuwa na kaka. Huyo aliyeniandikia kwa mashine simjui.

Daftari halipo kwangu tena. Nimempelekea Mama Bwire. Hajui kusoma, amelifunga kwenye ile khanga ya Kigongo na kulihifadhi ndani. Nimemwomba asimpe mtu yeyote isipokuwa wewe, na asikupe nyumbani. Akupe ufukweni, asubuhi, wanawake wote wakiwa wanaanika, baada ya wewe kuwaeleza kwa mdomo wako mwenyewe dagaa wa mama walinuka nini na nani aliyefungua bomba.

Treni unaijua. Ukifika pale, anza na shikamoo. Yeye ndiye mkubwa.

Mdogo wako,
uliyemfundisha harufu