Mkono Mwingine Kwenye Manyoya ya Bosco

Sasa ni mwaka mzima, Mama Idah, tangu Agosti ile tulipokulaza kwenye shamba la kwenu, Theta.

Hapa Kimbo bado wanalitaja duka lako la nafaka. Ulimshuku kila mteja kwamba ameshindilia gorogoro, lile kopo la kupimia, ukamkazia macho mpaka akainamisha kichwa, kisha ukamwongezea konzi mbili za maharagwe bure. Wengine walisema walikuja kwako kwa ajili ya kushukiwa tu.

Bosco hukumwachia mtu. Kipupwe kilipoingia, hukukubali mbwa huyo aoshwe kwa maji wala anyolewe. "Kumnyoa mbwa Julai ni kumvua koti," ulisema. Ulingoja jua litoke, ukapasha pumba za mahindi kwenye sufuria, ukazijaribu kwenye kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto, ukamsugua nazo mpaka kwenye ngozi. Pumba zikanyonya mafuta na uchafu, ndipo ukampiga brashi. Mumeo Zacharia ulimruhusu kushika sufuria tu. Jirani yetu Wayua ulimgeuzia mgongo, kwa sababu Bosco hakuwahi kumbwekea. Uliamini kwamba mbwa asiyembwekea jirani ana siri naye.

Kipupwe cha mwaka huu kilimkuta Bosco hana mtu. Zacharia alipomkaribia na brashi, alionyeshwa meno. Akajua manyoya yatajisokota na chini yake vitaota vidonda. Lakini Julai ilipofika akaona ajabu: mgongo laini, hakuna fundo hata moja, na nyuma ya sikio chembe za pumba.

Hakufurahi. Nyumba mbili za ploti ya pili zilikuwa zimevunjwa na wezi, na mbwa wa huko walikaa kimya. Mwizi hodari humzoea mbwa kwanza.

"Labda anajilamba, Baba," alisema mwanao Karanja.

"Ulimi gani huo unaoacha pumba?"

Zacharia akaanza kumchunguza kila mtu. Kwa nini muuza maziwa anakawia langoni? Kwa nini fundi wa bomba ameuliza jina la mbwa? Mwishowe akampigia simu kaka yako Ngigi kule Theta, aje Jumatatu na kamba amchukue Bosco. Mlinzi aliyekwisha kununuliwa si mlinzi tena. Binti yako Idah aliposikia, sauti yake ilikatika kwenye simu. "Baba, huyo ndiye Mama alimpenda kutushinda sisi wote. Ukimtoa, hapo nyumbani kutabaki nini?" Zacharia hakubadili neno lake.

Jumamosi alivaa koti na kofia, akatangaza langoni kwa sauti kwamba anakwenda Githurai 45. Akazunguka nyuma ya kanisa, akarudi kwa mlango wa jikoni, akakaa kando ya pazia. Jua lilipochomoza mawinguni, Bosco akanyanyuka, akajinyoosha, akapenya tundu la ua wa kayaba, akaingia kwa Wayua. Zacharia akapitia langoni kwa jirani, fimbo mkononi.

Wayua alikuwa ameketi kwenye kigoda, Bosco katikati ya magoti yake amefumba macho, sufuria ya pumba kando.

"Wayua, mbwa wangu unampa nini?"

"Baba Idah, karibu. Weka hiyo fimbo chini, unamtisha."

"Nimekuuliza unampa nini."

"Pumba. Na hata hazili, zinaingia tu kwa manyoya."

"Nani alikufundisha?"

"Mwenyewe, Mama Idah. Nilikuwa nikifua hapa, namwangalia kwa ua. Akiniona ananigeuzia mgongo, lakini mikono ilikuwa inaonekana."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Zacharia aliinamia sufuria. Kisha akachota pumba, akazinusa, akaziweka kwenye ulimi. Zilikuwa pumba. Akapekua nyuma ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia.

"Hapa umeacha fundo."

"Hapo sijafika, na sitafika ukiendelea kunizibia jua."

Akasogea.

Ngigi alipokuja Jumatatu, alipewa chai. Kamba ikabaki mapajani mwake.

"Kwani mwizi umempata?"

"Nimempata. Ni jirani."

"Na umemwacha hivyo hivyo?"

"Kunywa chai, Ngigi. Bosco haendi popote."

Usikasirike, Mama Idah. Tunajua ungependa kuusikia ushahidi wote kabla ya kukubali, ndiyo maana tumekueleza kila kitu. Siku hizi Wayua anapitia langoni, na Zacharia huketi karibu naye akiitazama mikono yake mwanzo hadi mwisho. Bado anadhani kuna kitu anafichwa. Bosco analala usingizi.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Zacharia, wanao Karanja na Idah, kaka yako Ngigi na jamaa wote wa Theta na Kimbo. Pia jirani yako Wayua. Jina hilo ameliongeza Zacharia kwa mkono wake. Ukiwa na neno, mwulize yeye.

Siku zote zilizobaki kwetu, tutakukumbuka.