Ua wa Mtandamboo Nilioukata

Jumamosi, Amagoro. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Kucha zangu zina udongo ambao sabuni imeshindwa kuutoa.

Leo nimepanda mtandamboo, kichaka cha miiba cha kuzungushia boma. Miche arobaini, mistari miwili, kuanzia langoni mpaka nyuma ya jikoni.

Niliwahi kuandika hapa kwamba ua wetu wa zamani ulikauka. Nilidanganya.

Mimi ndiye niliyeukata.

Baba aliupanda kabla sijazaliwa. Ulimzidi urefu, kijani mwaka mzima, hata kiangazi kilipokausha nyasi zote. Ukitoa maua meupe, harufu yake iliingia hadi jikoni. Sisi watoto tulikula matunda yake tukarudi na midomo ya zambarau na mikono iliyochanwa na miiba, tukiapa hatujala kitu. Nyuma ya ua huo Mama alianika nguo zake, akachambua mboga miguu ikiwa imenyooshwa kwenye mkeka. Malori yalipita kwenda mpakani Malaba na hakuna dereva aliyejua kama kuna mtu.

Baba alipofariki, mimi nikiwa mwalimu mpya, niliona ua wa miiba ni ushamba. Nilitaka ukuta wa mawe. Nikaita watu, wakaukata na kung'oa visiki vyote kwa siku moja. Mama alisimama akatazama, akasema tu, "Sawa, mwalimu."

Hakuwa ameniita hivyo kabla ya siku hiyo.

Ukuta uliishia kwenye msingi. Foleni ya malori nayo ikarefuka hadi mbele ya kwetu, madereva wakikaa hapo siku mbili, tatu, wakitazama. Mama akahamia ndani. Mboga akawa anachambulia chumbani, pazia limefungwa. Nilipomsihi atoke apate jua, alinijibu, "Nitoke niwe sinema?"

Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliniletea matunda mabivu ya mtandamboo kutoka vilima vya kwao Funyula. Nikaosha mbegu, nikazipanda kwenye mikebe kivulini. Zilichelewa kuota hadi nikakata tamaa. Leo miche imefika shubiri moja na nusu. Nimeipanda kwa kupishanisha, nikaikata ncha ili itoe matawi kuanzia chini, kama Baba alivyokuwa akifanya kila alipoziba pengo.

Mama alinitazama dirishani muda mrefu, kisha akatoka, leso begani.

"Hii itafika kifuani lini?"

"Miaka mitatu, Mama. Labda minne."

"Mimi nina themanini na moja."

Nilitaka kuomba msamaha. Nikamwomba jembe.

Hakunipa. Alinishika bega, akapiga magoti taratibu kwenye tope, akaanza kushindilia udongo kwenye mche wa mwisho. Dereva mmoja aliyeegemea lori lake akauliza, "Mama, mnapanda nini?"

"Kitu cha kukuzuia kuniona," Mama akasema bila kugeuka.

Dereva akacheka, akazunguka upande wa pili wa lori lake.

Mama hakurudi ndani. Mpaka sasa ameketi kwenye kigoda karibu na miche, akiwafukuza kuku wa jirani. Mimi nasubiri chai ichemke nimpelekee. Miaka yote hii neno lenyewe sijalitamka, na yeye hajawahi kulidai.

Nikishampa kikombe, nitalisema, au nitamuuliza tu kama sukari inatosha?