Msimamizi wa Pikipiki

Jumapili, 12 Mei

Leo nimeivua pikipiki nailoni. Tangu mume wangu Evaristo afariki imekaa uani, imejifunika kama mwali. Vumbi, utando wa buibui, na chini ya kiti kiota cha panya! Marehemu angelia. Au angecheka, sijui. Yule bwana alikuwa na tabia ya kucheka mambo ya kulia.

Nimekata kauli. Mwezi wa sita naenda Ausangate. Kwa pikipiki hadi Tinki, kisha kwa miguu, kuuzunguka mlima wote. Kila kiangazi tulisema tutakwenda. Kila kiangazi kukazuka jambo — tanuri limepasuka, binamu anaoa, mvua imegoma kukatika. Halafu akaugua, na hata kusema "mwakani" tukaacha.

Nimemwambia mama mkwe. Mama Justa alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Aliuliza tu, mikate ataoka nani? Nikasema nitafunga tanuri kwa wiki mbili. Akasema basi watu wa Abancay watatafuna mawe. Akaendelea kumenya.

Hakukataa!

Jumanne, 14 Mei

Nimeisukuma pikipiki hadi gereji ya Teófilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza enzi za Evaristo. Mtu mpole, mikono mikubwa, hajaoa. Alilea wadogo zake mpaka akajisahau mwenyewe. Aliitazama pikipiki, akavua kofia.

"Dada Herme, umeniletea pikipiki au maiti?"

"Itengeneze. Utani baadaye."

"Unataka kuuza?"

"Nakwenda nayo Ausangate."

Akafuta mikono kwa tambara. Muda mrefu. Mikono yenyewe haikuwa michafu sana.

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Amesema kabureta lazima ibadilishwe kitundu cha petroli, kiwekwe kidogo. Kule juu hewa nyepesi, injini itakohoa na kugoma kama mtu wa pwani. Nikauliza malipo. Akasema mikate. Nikasema ya siku ngapi? Akasema tutaona.

Alhamisi, 23 Mei

Mipango inaiva. Hoteli hakuna hata moja — si Hermelinda Ccorahua wa kulipa kitanda wakati ana ndugu! Curahuasi nalala kwa dada yake rafiki yangu Nicolasa. Cusco kwa binamu yangu. Urcos kuna mwokaji anayenidai fadhila, maana nilimwokea mikate ya arusi ya binti yake. Hapana, mimi ndiye ninayemdai. Naandika haraka mno. Tinki nitaacha pikipiki kwa mchungaji mmoja wa alpaka, wale wanyama wa sufu, halafu ni hema.

Chakula: mahindi ya kukaanga, jibini, unga wa shayiri, viazi vilivyokaushwa kwa baridi. Na mikate migumu yenye kisibiti, ile isiyooza. Maji yako mlimani, ya bure.

Hema ndilo lililonishinda. Nikamuuliza Teófilo kama anamjua mtu wa kuniazima. Akasema analo lake.

"Ni la watu wawili," akasema. Kisha akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaanza kueleza: njia za juu si za mtu peke yake, theluji huanguka hata kiangazi, na yeye pikipiki anayo, mbovu lakini anayo, na tangu azaliwe Ausangate ameuona kwa mbali tu, na hema anaweza kuniachia, yeye atalala nje na poncho mbili…

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumamosi, 25 Mei

Komadre Nicolasa ameleta gunia la kisibiti na gunia la umbea. Ni komadre wangu kwa sababu mimi na Evaristo tulimsimamia mwanawe siku aliponyolewa nywele za kwanza.

"Komadre, sokoni wameshakuozesha! Sasa wanabishania keki."

Mjane na kapera, hema moja, njia ya mbali. Nimekasirika mpaka nikaunguza sinia zima la mikate. Nicolasa akaila iliyoungua bila kulalamika. Na hapo katikati ya moshi likanijia wazo.

Pikipiki haiwezi kwenda safari bila maji ya baraka. Na baraka haziendi bila msimamizi. Huku kwetu kila kitu kina msimamizi: mtoto, paa jipya, hata saa ya ukutani ya shule. Basi Teófilo aisimamie pikipiki! Akishaisimamia ni kompadre wangu. Na kompadre ni ndugu. Kompadre na komadre wanaweza kwenda pamoja hadi mwisho wa dunia, nani atafungua mdomo? Bibi zetu walituambia kompadre na komadre wakivunja mwiko, wakapendana kimapenzi au kuoana, hugeuka lama, mnyama wa mizigo, wa vichwa viwili, wakalia mabondeni. Soko zima linajua hilo.

Nicolasa alinishika mashavu kwa mikono yenye kisibiti. Una akili wewe, akasema. Tukacheka sana. Wajinga wawili — lakini hilo sikulijua bado.

(Mstari huo wa mwisho nimeuongeza leo, tarehe 3.)

Jumapili, 26 Mei

Nimekwenda kumwomba Teófilo. Kwa heshima zote: mikate kumi na miwili niliyoipaka yai, chupa ya pombe, majani ya koka, kikapu, juu yake kitambaa changu cha kufumwa. Nikafunga fundo la Mama Justa, lile la kushoto linalozunguka mara mbili. Kila mtu anajua taratibu. Akila mkate, amekubali. Asipotaka, anakirudisha kikapu mikononi mwa aliyekileta, kabla maji hayajamwagwa.

Nikamweleza. Akaokota spana, akaiweka palepale alipoitoa.

"Lazima iwe mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

"Abancay ina watu wengi, dada. Mwambie mwalimu Rufino. Mwambie mwenye duka la dawa."

"Nakutaka wewe."

Alinitazama. Kisha akapokea kikapu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Kama ndivyo unavyotaka," akasema. Akakiweka juu kabisa ya rafu, kando ya makopo ya oili. Hakukifungua. Eti mikono michafu.

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Ile ni heshima! Watu hutoa machozi wakiombwa. Yeye uso kama aliyeletewa bili ya umeme.

Jumatano, 29 Mei

Teófilo ameniita komadre. Mara ya kwanza.

"Breki tayari, komadre." Kwa sauti ya karani wa benki.

Sikujua neno hilo linaweza kuwa baridi hivi.

Jumamosi, 1 Juni

Tumeijaribu pikipiki! Mimi kwenye ya Evaristo, yeye nyuma na lile kopo lake la pikipiki. Kona juu ya kona hadi njia ya juu, Soqllaqasa. Haikukohoa hata kidogo. Nilipiga kelele ndani ya kofia ngumu mpaka masikio yakaniuma. Evaristo, ungeiona!

Nililia pia, kidogo. Si machozi mabaya.

Kule juu tukatafuna koka, tukapulizia milima majani matatu matatu, tukaweka mawe yetu juu ya rundo lililoachwa na wasafiri. Jiwe langu nilitoka nalo mtoni. Teófilo akaweka lake kando ya langu, yakagusana. Halafu akainama tena. Akalichukua, akalihamishia upande wa pili wa rundo.

Nikamuuliza vipi.

"Makompadre huachiana nafasi," akasema, akaenda kukaza cheni ambayo haikuwa imelegea.

Njia nzima ya kuteremka sikuona theluji wala bonde. Niliona lile jiwe.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemsimulia Mama Justa habari ya mawe, hivihivi tu, tunapambua maharage. Akaacha kupambua.

"Wewe mtoto, hayo macho umewekewa ya nini? Kuangalia unga tu?"

Nikasema sielewi.

"Yule kijana ananunua mikate kwetu kila asubuhi. Kwao duka la mikate liko ukuta kwa ukuta. Anavuka mji mzima!"

"Labda anapenda kisibiti."

"Hali mkate asubuhi! Tumbo lake halitaki. Anampa mbwa wa gereji. Yule mbwa ndiye mnene kuliko wote Abancay."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nimemwendea mtu aliyekuwa akitafuta mlango, nikaupigilia misumari mlango wenyewe, kisha nikamwomba anishikie nyundo. Na yeye kwa kunipenda akashika.

Ndipo akasema, kwa Kikechua, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba aliyemzika ni mwanawe. Mimi hakunizika.

Nimekaa na maharage mapajani hadi jua likahama ukutani. Namfikiria Teófilo. Yale masikio mekundu. Tambara analofutia mikono safi. Nilidhani ninaogopa maneno ya watu. Uongo. Nilitaka aende nami, nikatafuta njia ya kumpata bila kukiri kwamba namtaka.

Jumatano, 5 Juni

Nimemuuliza padre. Nimejifanya nauliza kwa ajili ya mtu mwingine.

Amecheka. Pikipiki haina roho, binti yangu. Haiwezi kumfanya mtu ndugu wa mtu. Kanisa halilijui jambo hilo.

Nikaruka njia nzima! Nikamwambia Mama Justa. Akasema padre ametoka pwani, atajua nini.

Nicolasa naye: "Komadre, kompadre ni kompadre. Wa mtoto, wa paa, wa saa ya ukutani. Mumeo mwenyewe si alimvulia kofia miaka yote yule mama aliyeisimamia saa ya shule?" Kweli. Na mimi moyoni najua hivyohivyo. Nimelelewa huku. Padre anaweza kunipa ruhusa lakini hawezi kuning'olea nilicholelewa nacho.

Kwa nini basi nisikichukue kikapu changu? Haiwezekani. Aliyetoa akidai, ni kumpiga mtu kofi mbele ya watu: hufai. Anayeweza kurudisha ni yeye peke yake. Na yeye hatanirudishia, kwa sababu nilimwambia "nakutaka wewe" na akaelewa ninavyotaka awe.

Nampenda. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda gereji kusema. Sijui ningesema nini, nilikwenda tu. Kulikuwa na dereva wa lori anapiga domo kuhusu bei ya vitunguu, haondoki, haondoki. Teófilo akanipa tyubu mbili, waya wa klachi wa akiba, plagi.

"Jumapili baada ya misa, komadre. Jumatatu alfajiri tunaondoka, kama bado unataka."

"Wewe bado unataka?"

"Mimi nilishasema nitakwenda."

Nikaangalia juu ya rafu. Makopo ya oili yapo. Kikapu hakipo.

Kwa hiyo amekula. Mambo yamekwisha. Nimerudi nikaukanda unga kwa ngumi hadi Mama Justa akaninyang'anya.

Nitakwenda Ausangate. Nitakwenda na kompadre wangu, nitamheshimu, nitamkatia jibini. Lama wa kichwa kimoja.

Jumapili, 9 Juni — Pentekoste

Uani kwa kanisa. Naandikia juu ya tangi la petroli, kalamu inateleza. Mbele yangu kuna lori la vitunguu, halafu teksi, halafu mimi. Pikipiki imevaa maua kuliko bibi arusi. Nicolasa ameleta bia za kumwagia matairi, moja ameshaifungua, eti anaijaribu. Mama Justa amevaa kofia mpya.

Padre anazunguka lori na ndoo yake na shada la maua. Teófilo hajafika.

Labda haji. Natamani asije. Hapana, sitamani hivyo.

Teksi sasa. Fataki, mbwa wanalia, mwenye teksi anamkumbatia msimamizi wake: kompadre! kompadre!

Amefika. Kile kikopo chake nakijua kwa mlio. Nywele amezichana na maji, shati jeupe, hema limefungwa nyuma ya kiti. Hakusogea kwenye foleni. Amesimama kule ukutani, ananitazama, na kifuani ameshika —

Kikapu. Kitambaa changu.

Nimetazama fundo. La kushoto, mara mbili. Katika mji huu mzima tunalifunga Mama Justa na mimi, hakuna mwingine. Halijaguswa!

Mama Justa naye ameona. "Mikate ya wiki mbili," amesema. "Itang'oa meno." Na kofia yake mpya inatikisika, anacheka, analia, sijui. Ameshika usukani wa pikipiki ya mwanawe kwa mkono mmoja.

Anakuja. Watu wanampisha. Padre amechovya shada kwenye ndoo, anauliza kwa sauti msimamizi wa hii ni nani, na hakuna anayejibu, na soko zima liko hapa linatazama. Teófilo hamtazami padre. Ameninyooshea kikapu.

Kikapu hupokelewa kwa mikono miwili. Naweka kalamu