Faru Aliyezaliwa na Pembe Moja

Mpendwa Neema,

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Peckham sote tu wazima, na shangazi yako amepata zamu za mchana.

Umeuliza kama faru wa pembe moja yupo kweli. Nilimwona nikiwa nesi mgeni, kwenye bustani ya wanyama nje kidogo ya London. Nikakumbuka majangili wa kwetu Tsavo, nikalia, "Wamemkata!"

Mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, akanishika mkono. "Usilie, dada. Faru wa India huzaliwa hivyo. Walikaribia kwisha, watu wakawalinda. Bado ni wachache, lakini wanaongezeka."

Kisha akanionyesha mtoto wa faru akinyonya. Nikacheka, machozi yangali usoni.

Nyanya yako,
Wakesho